Mume wangu ni polisi. Nimshtaki kwa nani?

"Shikamoo mwanasheria. Nimeolewa miaka tisa, tuna watoto wawili. Mume wangu ni polisi mwenye cheo. Zamani alikuwa ananipiga vibao, siku hizi hapigi sana, ila ananihoji. Nikirudi nyumbani ataniuliza nilikuwa wapi, na nani, kwa muda gani, halafu anarudia maswali yale yale akiyageuza mpaka nijichanganye. Simu yangu anajua kila kilichomo. Wiki iliyopita alinikaba koo hadi nikaona giza. Simu ya bosi wake ikaita, akaniachia, akapokea kwa sauti ya upole kabisa, 'ndiyo afande'. Akiwa na neno zito la kuniambia huweka bastola mezani kwanza, haitaji habari zake. Mwaka jana nilikwenda kwa mkuu wake. Alimwita, wakatusuluhisha, na usiku ule nikakiona cha moto. Anasema nenda popote, wote ni wenzangu, na kaka yako naweza kumbambikia kesi kesho. Mama mkwe anasema ni msongo wa kazi, nivumilie. Nimesoma mtandaoni kuwa asilimia 40 ya polisi wanapiga wake zao, nikawaza labda ndivyo walivyo. Na akifukuzwa kazi watoto watakula nini? Nivumilie mpaka wakue?"

Marahaba, mdogo wangu. Umemaliza kwa kuuliza kama uvumilie, lakini swali lenyewe nimeliona katikati ya barua: mtu ashtaki kwa nani, ikiwa anayepokea mashtaka anakula chakula cha mchana na mshtakiwa? Nitafika huko. Nianze na koo lako, maana hilo halisubiri.

Kibao huumiza ngozi. Kukabwa koo hukata damu inayokwenda kwenye ubongo, na hakuhitaji nguvu nyingi. Lile giza uliloliona ni ubongo uliokosa hewa. Mara nyingi shingoni hapabaki hata alama, ndiyo maana wanawake wengi huamka asubuhi wakajitazama kwenye kioo na kusema "sikuumia". Lakini ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuwa umechanika, damu ikaganda pale, na kiharusi kikaja siku kadhaa baadaye. Kama sauti imekwaruza, kumeza kunauma, kichwa hakitulii, umeona vidoa vyekundu machoni, ulizimia au ulijikojolea bila kujua, au upande mmoja wa mwili unapata ganzi, nenda hospitali leo hii. Hata kama huna dalili yoyote kati ya hizo, nenda tu. Kama una mimba, usilale kabla hujaonwa.

Kuna sababu ya pili ya kulitanguliza koo. Mtafiti na muuguzi wa Marekani, Jacquelyn Campbell, pamoja na wenzake walichunguza visa vya wanawake waliouawa na wapenzi wao. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2003, mwanamke anayepigwa na mtu mwenye bunduki karibu alikuwa na hatari ya kuuawa takriban mara tano zaidi. Mwaka 2008 ukatoka utafiti mwingine: aliyewahi kukabwa koo, hatari yake ya kuuawa ilizidi mara saba. Wewe una bunduki na una koo lililokabwa ndani ya nyumba moja. Kwa hiyo sitakujibu kama mtu mwenye ndoa ya ugomvi, na sitakuambia mkae chini mzungumze.

Sasa msongo wa kazi. Sikatai kwamba kazi ya polisi inachosha roho. Askari huona maiti, hulala vibaya, hutukanwa na raia asubuhi na mabosi jioni. Lakini rudi kwenye barua yako mwenyewe. Mikono ilikuwa shingoni mwako, simu ikaita, na kwa sekunde moja akapata sauti ya upole na heshima zote za kijeshi. Mtu aliyezidiwa hafanyi hivyo. Yule alijua anamkaba nani, na alijua nani hapaswi kusikia. Msongo unaweza kueleza kwa nini halali. Hauelezi kwa nini anachagua shingo ya nani. Mama mkwe namwelewa, ni mwanawe, ila ushauri wake usikupangie maisha.

Na ile asilimia 40 uliyoisoma, niiweke sawa, kwa sababu inazunguka sana bila maelezo. Ilitokana na uchunguzi uliofanywa Marekani miaka ya 1980 kwa maafisa 728 na kuwasilishwa mbele ya Bunge la nchi hiyo mwaka 1991. Maafisa waliulizwa kama katika miezi sita iliyopita waliwahi kushindwa kujizuia na kuwa wakali kwa mke au watoto, na neno lile halikufafanuliwa. Hata aliyefoka sana aliweza kujibu ndiyo. Wake zao walipoulizwa kuhusu kupigwa hasa, waliosema ndiyo walikuwa kama asilimia 10. Idadi hiyo nayo si ndogo, lakini haisemi "ndivyo walivyo". Kuna polisi wengi ambao hawajawahi kuinua mkono nyumbani, na baadhi yao ndio utakaowahitaji. Ukishaamini kwamba wote ni wamoja, utakuwa umekubaliana na mumeo kwenye jambo analotaka zaidi uliamini.

Kinachomtofautisha mumeo na mpigaji mwingine ni kwamba amefundishwa. Anajua kuhoji: kuuliza jambo moja kwa njia nne hadi mtu ajikanyage, kisha kumwonyesha alivyojikanyaga. Kituoni hiyo ni kazi. Jikoni kwako ni ukatili, hata siku ambayo hakugusi. Anajua kumdhibiti mtu bila kuacha alama. Anajua askari wakija nyumbani wataandika nini, kwa sababu ndicho anachoandika yeye. Watamkuta ametulia, wewe unatetemeka na maneno hayapangiki. Na kama ulimkwaruza mkono ulipokuwa unatafuta hewa, yeye ndiye mwenye jeraha linaloonekana. Nimeona wanawake wakiingia kituoni kama walalamikaji na kutoka kama watuhumiwa kwa mkwaruzo wa kucha. Kwa hiyo popote utakaposimulia, anza na koo, na ueleze mkwaruzo ulitokana na nini kabla hujaulizwa.

Bastola mezani usiiite tabia tu. Anasema nayo kila kitu bila kufungua mdomo, na ikifika mbele ya hakimu atasema alikuwa anaivua kiunoni kama kila siku. Andika tarehe, saa, ilielekea upande gani, na mlikuwa mnazungumza nini. Usiiguse wala usiifiche, hata kwa nia njema. Silaha ya serikali ikipotea mikononi mwako, utakuwa umempa kesi ambayo hata hahitaji kuibambika.

Tishio lake la "nenda popote", yaani hakuna atakayekuamini, nalo si lake peke yake. Uingereza, Februari 2023, David Carrick, aliyekuwa afisa wa polisi wa London, alihukumiwa kifungo cha maisha baada ya kukiri makosa 49 dhidi ya wanawake 12, yakiwemo kuwabaka na kuwadhibiti majumbani. Miaka yote ile aliwaambia hawataaminiwa, kwa kuwa yeye ni polisi. Kuaminiwa kulichelewa mno, malalamiko ya awali yalipita bila hatua, na sitaki kukupambia hapo. Lakini alipojitokeza mmoja kutoa taarifa, wengine wakafuata, na maneno yale yakaisha nguvu.

Twende kwa mkuu wake. Ulifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya, kwenda kwa mkubwa wake, na ulilipia. Usijilaumu, ila elewa kwa nini ilikwenda vile. Mkuu wa kituo ana askari wachache na zamu za kujaza. Malalamiko yako kwake yakawa tatizo la utumishi, si kosa la jinai, na tatizo la utumishi humalizwa kwa kuita pande mbili. Alipowasuluhisha alimweleza mumeo kila ulichosema, akakurudisha nyumbani pamoja naye. Usuluhishi unahitaji watu wawili wanaoweza kusema bila woga. Mmoja akiwa na bastola, huo ni upelekaji wa taarifa kwa mshambuliaji.

Hata wakubwa wenyewe hawana kinga ya jambo hili. Tarehe 26 Aprili 2003, katika jimbo la Washington huko Marekani, mkuu wa polisi wa jiji la Tacoma, David Brame, alimpiga risasi mkewe Crystal kwenye maegesho ya magari, watoto wao wakiwa pale, kisha akajiua. Crystal alifariki siku chache baadaye. Alikuwa ameshafungua shauri la talaka, na alikuwa amesema wazi kwamba anamwogopa. Mwaka uliofuata jimbo lile likapitisha sheria ya kulazimisha idara zote za polisi ziwe na utaratibu maalumu kwa askari anayetuhumiwa kupiga nyumbani kwake. Uingereza nako, Machi 2020, shirika la Centre for Women's Justice liliwasilisha lalamiko kubwa kuhusu wanawake waliopigwa na waume au wapenzi wao polisi, na ripoti rasmi ya Juni 2022 ikakubali kwamba kasoro zipo na zinaumiza watu. Nakutajia haya ujue tatizo lako lina historia, na kwamba wapo watu kazini ambao kazi yao ni hili.

"Wote ni wenzangu." Nusu kweli. Wenzake ni wale wanaomjua, wanaobadilishana naye zamu, wanaomdai na wanaodaiwa naye. Kadiri unavyopanda juu au kwenda mbali na kituo chake, ndivyo jina lake linavyopungua uzito. Afisa wa nidhamu wa makao makuu, askari wa dawati la jinsia wa wilaya nyingine, chombo huru cha malalamiko dhidi ya polisi pale kilipo, tume ya haki za binadamu, ofisi ya mwendesha mashtaka, hakimu, daktari: hawa hawali naye sahani moja. Kanuni ninayowapa wote wanaokuja kwangu na kesi ya namna hii ni kwamba usianzie kwenye kituo anachojulikana, na usiende popote peke yako. Malalamiko ya maandishi yaliyopelekwa na wakili au shirika la msaada wa kisheria, yenye muhuri wa kupokelewa na nakala sehemu mbili, ni vigumu kuyakalia kuliko ya mdomo. Tena usichanganye njia mbili: ya nidhamu humshughulikia kama mtumishi, ya jinai humshughulikia kama mtu aliyetenda kosa. Ukiambiwa "tumeshamwonya", hiyo ni ya kwanza tu. Ya pili haijaanza.

Katika nchi nyingi unaweza pia kwenda mahakamani moja kwa moja kuomba amri ya ulinzi, bila kupitia polisi. Ni njia nzuri, ila kwa mume askari ina matundu mawili. Mara nyingi amri hupelekwa na polisi na husimamiwa na polisi, na yeye ataisoma akijua ni kipengele gani kina upenyo. Kwa hiyo wakili wako aombe mambo mahsusi: wito upelekwe na kituo kingine, silaha ibaki ghala la silaha kila anapomaliza zamu, asikaribie shule ya watoto hata akiwa amevaa magwanda. Amri inayosema tu "asimsumbue mke wake" kwa mtu kama huyu ni karatasi. Na usiiombe kabla hujawa na mahali pa kulala usiku ule atakaoipokea. Hatari hupanda pale mwanamke anapoondoka au anapomwonyesha kwamba ataondoka, wala haishuki upesi.

Kuhusu kaka yako, tishio lile lina uzito kwa sababu anaweza kulitekeleza. Basi litangulie. Wakili aliandike kwenye malalamiko ya kwanza kabisa: tarehe fulani, mlalamikiwa alitishia kumbambikia kesi mtu fulani. Likishakaa kwenye faili la ofisi isiyo yake, kesi itakayozuka baadaye itaanza ikiwa na doa. Kaka naye aambiwe, tena na wewe, uso kwa uso, asije akakurupuka kwenda kumkabili. Kaka wenye uchungu wametuletea kesi nyingi kuliko zile za kubambikwa.

Simu yako ichukulie kama mtu wa tatu chumbani. Usifute programu wala usizime mahali ilipo ghafla. Ataona umeshtuka, na atakaza. Iache iendelee na maisha ya kawaida: mapishi, mambo ya shule, salamu. Mipango yote ifanyike kwa simu ya mtu mwingine, mtu ambaye mumeo hamfikirii, na kwa akaunti mpya ambayo hutaifungua nyumbani hata mara moja. Askari anaweza pia kupata taarifa za watu kwa mifumo ya kazini. Katika nchi nyingi kufanya hivyo kwa chuki binafsi ni utovu wa nidhamu, na mara nyingi ni jinai, na huacha nyayo kwenye mfumo. Wakili anaweza kuomba ikaguliwe nani alitafuta namba yako na lini.

Nyumba salama nayo ina jambo ambalo wengi hawakuambii. Mara nyingi polisi ndio huwapeleka wanawake kwenye nyumba hizo, kwa hiyo za karibu huenda anazijua, hata mlinzi anamjua kwa jina. Unapopiga simu kwa shirika, sentensi ya kwanza iwe "mume wangu ni polisi wa eneo hili", ili wakupeleke mbali. Shirika likikujibu kwamba hilo halibadilishi kitu, tafuta jingine.

Umeuliza watoto watakula nini, na hapa watu wengi hukujibu kirahisi. Ni kweli kwamba kesi inaweza kumgharimu kazi. Marekani, tangu mwaka 1996, mtu aliyetiwa hatiani hata kwa kosa dogo la kumpiga mwenza haruhusiwi kumiliki silaha, na polisi hakusamehewa. Matokeo yake ajira hukatika, na ndiyo maana baadhi ya mashtaka hugeuzwa kuwa kosa jingine dogo ili bunduki ibaki. Kwa hiyo atapigana, na wenzake watakuja kukuomba "usimharibie mwenzetu". Kosa lake lisiwe mzigo wako wa kubeba, lakini tumbo la mtoto halishibi kwa maneno hayo, najua. Omba matunzo ya watoto mahakamani mapema, wakati bado ana mshahara unaoweza kukatwa moja kwa moja kabla haujafika mfukoni mwake. Kusanya kimyakimya nakala za vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, namba yake ya utumishi, hati yoyote ya mali mliyochuma pamoja. Ziweke nje ya nyumba. Anza na akiba ndogo ambayo hutaulizwa.

Njia ulizo nazo hazina hata moja iliyo safi. Unaweza kubaki kwa muda huku ukipanga. Hilo si woga, na mwanamke aliyeko ndani ya nyumba mara nyingi hujua kupima hatari yake kuliko mimi niliye nje. Ila baada ya kukabwa koo, muda huo uhesabiwe kwa siku, si kwa miaka ya watoto kukua. Unaweza kuondoka bila kushtaki: haraka zaidi, kelele kidogo, lakini utabaki bila karatasi inayomzuia kukufuata au kuwachukua watoto. Unaweza kushtaki ukiwa umeshaondoka, ndiyo njia ninayoipendelea kwako, ingawa ni ndefu na kuna siku utajuta kuianza. Kushtaki ukiwa bado unalala chumba kimoja naye, hapana. Hilo ulishalijaribu.

Watoto wanajua. Wanajua sauti ya bastola ikiwekwa mezani kuliko unavyodhani. Wafundishe neno moja tu la siri, ukilisema watoke waende kwa jirani mliyekubaliana, na wasiingilie kati kamwe. Mpango wenyewe usiwaambie, atawahoji kama anavyokuhoji wewe.

Akianza kusema atajiua, au atawamaliza wote, au akitoa bastola badala ya kuiweka tu, mpango wa taratibu umeisha. Toka na watoto saa ile ile, hata bila viatu, mkimbilie penye watu wengi.

Kesho sasa, au leo hii kama una dalili nilizozitaja. Hospitali usiende ile wanayopelekwa majeruhi wa kituo chake. Nenda kwa sababu ambayo hataitilia shaka, kliniki au vipimo vya kike, maana akitaka kukusindikiza hiyo itakupa mlango wa kubaki peke yako na muuguzi. Ukiwa naye peke yake usiseme "tuligombana". Sema: "Nilikabwa koo kwa mikono, tarehe fulani, nikaona giza, aliyenikaba ni mume wangu na ni polisi." Omba aandike maneno hayo hayo, apige picha shingo na macho, na faili libaki hapo, usirudi nalo nyumbani. Kisha mwombe simu yake dakika tano, umpigie afisa ustawi wa jamii au shirika la msaada wa kisheria. Ile yako iache kwenye pochi, nje ya chumba.